Baba mdogo alistaafu ukomandoo, akaitwa tena kwa jina ambalo nyumbani hatukulijua

Mtoto wa Gungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Uzi huu nimeukalia zaidi ya mwaka. Kila nikianza kuandika namwona mama mdogo kakaa barazani kwake Gungu, Kigoma, bahasha ya kaki mapajani, nafuta nilichoandika. Juzi nikampigia kumwomba ruhusa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Andika mwanangu, ila jina lake liache." Basi jina nimeliacha. Na waliomwita sitawataja, kwa sababu ninachokijua juu yao ni sauti ya simu na gari moja lililolala siku mbili nje ya gesti pale Mwanga.

Baba mdogo ni mzaliwa wa Kalinzi, kule juu kwenye kahawa. Aliingia jeshini 1977. Mwaka uliofuata Amin akavamia Kagera, naye akaenda na wenzake hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Aliporudi akachaguliwa kwenda kozi ya ukomandoo. Sisi watoto tulitaka atusimulie miamvuli na visu. Yeye alikuwa anasema jambo moja tu: "Cha kwanza wanakunyang'anya usingizi, cha pili wanakunyang'anya jina." Hatukuelewa. Mwaka 1987 akaenda Msumbiji, wakati Tanzania ilipopeleka askari kumsaidia jirani dhidi ya waasi wa RENAMO. Akastaafu 1998 akiwa sajenti, viungo vyote vizima, cheti kisafi. Hilo naomba mlishike tangu mwanzo: jeshi lilimlea, likamtumia kihalali, likamuaga vizuri. Kilichotokea baadaye si kazi ya jeshi.

Kigoma alirudi akawa mtu wa dagaa. Boti moja, karabai, vibarua wanne, mwalo wa Katonga. Mnaojua Ziwa Tanganyika mnajua kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo kila mwezi kuna siku wavuvi wanakaa nyumbani. Hizo ndizo zilikuwa siku zetu na yeye. Alitufundisha kuogelea. Alikuwa anakula ugali wa muhogo na samaki wetu mgebuka wa mawese taratibu sana, kama mtu anayehesabu. Sahani anaosha mwenyewe. Ukipita nje ya dirisha gizani anakuita jina lako kabla hujasema hodi, kwa kusikia tu unavyokanyaga.

Ilikuwa 2008, siku za mbalamwezi. Simu aliiacha mezani, yeye yuko uani anashona nyavu. Ikaita, mama mdogo akapokea. Mwanamume akasalimia kwa adabu kabisa, akasema, "Naomba kuongea na Karanga."

Mama mdogo akamjibu, "Hapa umekosea namba baba, hatuuzi karanga."

Baba mdogo alikuwa ameshasimama mlangoni. Mama mdogo anasema hakumwona akitembea kutoka uani hadi pale. Alinyoosha mkono tu, akapewa simu, akasema neno moja: "Naam." Kisha akaenda kusimama chini ya mwembe, akasikiliza muda mrefu sana bila kujibu.

Wameishi ndoa ya miaka zaidi ya ishirini, watoto watano, na hilo jina alikuwa halijawahi kulisikia.

Naendelea baadaye, nina abiria stendi.

Mgebuka Mkavu

Nimeweka kigoda. Mkuu usituache hapa.

Binti Ujiji

Pole sana kaka. Mwakeye (salamu ya Kiha). Mimi nimelelewa Ujiji, mambo ya watu kuvuka ng'ambo ya ziwa usiku na kutorudi siyo mapya masikioni mwangu. Endelea, tupo.

Mtoto wa Gungu

Nimerudi.

Baada ya wiki moja wakaja watu wawili na lile gari. Hawakuingia ndani, waliongea naye nje, wamesimama. Mmoja alikuwa mtu mzima, umri wa baba mdogo, na mama mdogo aliona kitu kimoja ambacho hakijamtoka mpaka leo: baba mdogo alipomfikia yule mtu, mgongo ulinyooka. Mzee wa miaka hamsini na moja aliyekuwa ameanza kupinda kwa kuvuta nyavu, akanyooka kama kijana wa kwata.

Akamwambia mkewe anakwenda Mpulungu kwa meli ya Liemba, kuuza dagaa Zambia. Liemba ilikuwa inang'oa nanga Jumatano. Yeye aliondoka Jumatatu usiku, kwa boti, kutokea Kibirizi. Mama mdogo alijua ni uongo, akamfungia nguo, akamwekea na karanga za kukaanga kwenye kitambaa. Kwa nini? Nilimuuliza. Alisema, "Nilitaka ajue kwamba nimelisikia."

Alirudi baada ya miezi mitano. Amekonda, ana kikohozi, na dola ndani ya boksi la sabuni. Hakulala kitandani tena. Alitandika mkeka nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, na ukimpelekea chai ilibidi uanze kuongea ungali mbali.

Na mimi niseme hapa, kwa sababu nisiposema nitakuwa nimewadanganya: ada yangu ya kidato cha tatu na cha nne ilitoka kwenye lile boksi. Niliijua harufu ya sabuni kwenye zile noti.

Siku moja tuko ziwani wawili, injini imezimwa, nikamuuliza ng'ambo alikuwa anafanya nini. Sikutegemea ajibu. Akaniambia, "Waliniambia nafundisha walinzi wa mgodi wa dhahabu. Wiki ya tatu nikajua si walinzi." Nikauliza alijuaje. "Mlinzi unamfundisha kukaa. Hawa nilianza kuombwa niwafundishe kutembea usiku." Akawasha karabai. Tangu siku hiyo hatukuligusa tena.

Mwaka 2011 simu ikaita mara ya pili. Safari hii aliipokea mwenyewe, akakataa. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Afande, mimi nimechoka." Siku iliyofuata ikaita tena, akakataa. Siku ya tatu hakuipokea. Siku ya nne alikuwa hayupo. Boti yake ipo, nyavu zipo, kofia ipo kwenye msumari.

Hajarudi.

Kijiti

Samahani mkuu, naona kama chai hii. Komando mstaafu anaitwa kwa simu halafu anapotea, ushahidi uko wapi? Watu wanatunga sana siku hizi.

Mtoto wa Gungu

Kijiti, sikulaumu. Umeuliza jambo lenyewe hasa. Ushahidi hakuna, na ndiyo maana naandika.

Sikiliza kilichompata mama mdogo. Ulifika wakati wa uhakiki wa wastaafu. Mnajua utaratibu: mstaafu anafika mwenyewe, na vitambulisho vyake, wanahakikisha yuko hai. Mama mdogo akachukua ile bahasha ya kaki. Ndani kuna cheti cha utumishi, barua ya kustaafu, picha za pasipoti, namba yake ya jeshi. Miaka ishirini na moja ya mtu, yote imo na mihuri yake. Akapanga foleni na wazee wa watu. Alipofika mezani akaulizwa kwa heshima tu, "Mama, mzee mwenyewe yuko wapi?"

Hakuweza kusema amekufa, hana maiti wala cheti cha kifo. Hakuweza kusema yuko hai, maana angetakiwa amlete. Hakuweza kusema amesafiri kikazi, kazi ipi, kwa nani? Akasema, "Yuko ng'ambo." Yule kijana akamwambia amlete akirudi. Malipo yakasimama. Wala kijana hakukosea, angefanyaje?

Kwa hiyo ile miezi mitano, na hii safari ya pili isiyo na mwisho, ambazo hazina karatasi hata moja, zimeila ile miaka ishirini na moja yenye karatasi. Hilo ndilo ninalotaka watu walione. Tukizungumza habari za makomandoo wanaorudishwa kwenye kazi za siri tunaongelea risasi na dola. Mimi nimeona foleni.

Mstaafu wa Tabora

Kijana, nimesoma yote mara mbili. Mimi niko hapa Tabora, chini ya miembe yetu, mstaafu kama huyo mzee wako ingawa si wa kikosi chake. Yule anayesema ni chai naomba anipe dakika chache.

Hiyo simu mimi niliipokea, mwaka mwingine na kutoka kwa mtu mwingine. Nami niliitwa kwa jina la kikosini, siyo hili nililoandikishwa. Sitalisema. Ukiwa porini kwenye kazi, lile jina ndilo linalokuambia lala chini kabla hujafikiri. Limeingizwa mwilini kwa njaa na baridi kwa miezi. Miaka inapita, umekuwa babu, umekuwa mzee wa kanisa, siku moja mtu analitamka kwenye simu, mwili unaitika kabla ya akili. Mkeo amekuambia alimwona akinyooka mgongo. Mama huyo ameona kweli.

Na watu wanakosea wakidhani wanaotutafuta wanataka mpiga risasi. Vijana wa kupiga risasi wamejaa kote Maziwa Makuu, bunduki rahisi kuliko baiskeli. Wanamtaka mtu atakayewachukua vijana kumi na tano wasiojuana, na ndani ya wiki mbili wawe wanakula pamoja, wanalala kwa zamu, wanajua kufunga jeraha, wanajua kusoma mto na kilima. Hilo halifundishwi kwa haraka na halinunuliwi dukani. Sajenti mstaafu analo, na anaishi kwa pensheni. Basi.

Mimi nilinusurika kwa sababu mke wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza swali moja: "Ukifia huko, nani atakuja kuniambia?" Nikampigia yule bwana nikamuuliza vilevile. Akasema tutaangalia. Nikakata simu. Kwenye jeshi lile nililotumikia hakuna mtu aliyewahi kuniambia tutaangalia. Ukifa vita ya Kagera unalazwa Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa, jina limeandikwa, na Julai 25 taifa linasimama.

Kosa dogo nikurekebishe, mkeo nimeandika, nilikusudia mke wa baba yako mdogo. Macho ya mzee.

Binti Ujiji

Baba Mstaafu shikamoo. Umeniliza.

Kaka mwanzisha uzi, nikuulize. Si ndiyo mchezo uleule wa mwaka 1965, wa wale Wacuba? Babu alikuwa anasema Kigoma hii imeona wageni wengi waliofika bila majina.

Mtoto wa Gungu

Dada, umegusa mahali ambapo nimesoma sana, kwa sababu nilikuwa natafuta mtu wa kufanana na baba mdogo nikakuta ziwa letu limejaa.

Mwaka 1965 mashariki ya Kongo kulikuwa na uasi wa wafuasi wa Lumumba. Aprili mwaka huo Ernesto Che Guevara, ambaye alishakuwa waziri wa viwanda wa Cuba, aliingia Dar es Salaam kwa siri amebadilishwa sura. Ofisi alikuwa ameziacha, vita ya msituni alikuwa ameshaimaliza miaka sita nyuma. Yeye na wenzake wakaja kwa gari hadi Kigoma, wakavuka usiku wa kuamkia Aprili 24, wakashukia Kibamba ng'ambo. Na kabla ya kuvuka walipewa majina. Wakachukua kamusi ya Kiswahili wakaanza kuhesabu. Kamanda wa mbele ya watu, Víctor Dreke, akaitwa Moja. José María Martínez Tamayo akawa Mbili. Che mwenyewe akawekwa wa tatu, ili anayesikia asijue mkubwa ni nani. Akaitwa Tatu.

Niliposoma hapo nilifunga simu nikakaa. Tatu na Karanga, kuna tofauti gani? Mtu mzima, ana mke na watoto, anavuliwa jina ufukweni petu na kupewa neno la sokoni.

Wacuba zaidi ya mia moja walimfuata, vikundi vidogo vidogo, kupitia Kigoma hiyohiyo. Sasa upande wa pili. Serikali ya Kongo ilimwita Mike Hoare, Mwingereza aliyepigana Vita vya Pili, mhasibu kwa taaluma, aliyekuwa anaishi Durban maisha ya kawaida. Akaja kuongoza kikosi cha mamluki kilichoitwa 5 Commando. Ziwani, Marekani kupitia shirika lake la ujasusi, CIA, ikaweka boti za kasi kutokea Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kuzuia silaha zisivuke kutoka upande wetu. Zile boti ziliwekwa chini ya James Hawes, Mmarekani aliyefunzwa kwenye kikosi maalumu cha wanamaji cha SEAL, na mabaharia wake walikuwa Wacuba waliokimbia utawala wa Castro, baadhi yao watu wa ule uvamizi ulioshindwa wa Ghuba ya Nguruwe, Cuba, mwaka 1961. Yaani Mcuba wa huku na Mcuba wa kule, wanawindana juu ya maji ya dagaa zetu, na si Cuba wala Marekani iliyokiri wakati ule kwamba ina mtu pale.

Lakini kinachonikera moyo ni Bendera. Juni 29, 1965 wapiganaji walishambulia kambi ya askari kwenye kituo cha umeme cha Bendera. Ilikuwa imeamriwa kwamba asiwepo mtu mwenye karatasi yoyote ya kumtambulisha. Wacuba wanne wakafa, na mmoja kati yao alikutwa na daftari lake la kumbukumbu. Kwa lile daftari wapinzani wakapata uhakika kwamba Cuba ipo.

Makamanda waliliona ni kosa, na kijeshi lilikuwa kosa, sibishi. Mimi nimekuwa nikimfikiria yule askari. Ameambiwa avue jina, aache kila kitu, amevaa nguo zisizo na alama. Amevua vyote akabakiza daftari. Kuna sehemu ndani yake iliyokataa kufa bila mtu kujua kwamba alikuwepo. Natamani baba mdogo angekuwa na ukaidi ule.

Novemba 21 walirudi, boti zimejaa, usiku, wakaelekea Kigoma. Kuna wenyeji waliobaki ufukweni kwa kukosa nafasi. Miezi saba, kwisha.

Mgebuka Mkavu

Na huyo Hoare aliishia wapi?

Mtoto wa Gungu

Alistaafu. Akaitwa tena. Novemba 1981, umri miaka 62, aliongoza watu zaidi ya arobaini kwenda Shelisheli kuipindua serikali, wamejifanya watalii wa chama cha wanywaji bia, bunduki zimefichwa kwenye mabegi chini ya vitu vya kuchezea watoto. Forodha wakaiona moja uwanjani, risasi zikalia, wakateka ndege ya Air India kurudi Durban. Akafungwa. Akatoka. Akafa 2020 akiwa na umri wa miaka 100.

Angalia hiyo vizuri. Mkubwa akiitwa mara ya pili na akashindwa, anapata kesi mahakamani, jina lake linaandikwa, anaishi miaka mia. Sajenti akiitwa anapata boti ya Kibirizi.

Mstaafu wa Tabora

Umesema kweli na hata leo iko hivyo, ingawa tofauti haiko kwenye cheo tu. Iko kwenye nani anakuja kukuchukua. Januari 2025 Goma ilipoanguka, mliona wale Waromania karibu mia tatu, walioajiriwa upande wa serikali ya Kongo, wengine askari wa zamani. Walijisalimisha, wakavushwa Rwanda mchana kweupe, wakakaguliwa mpakani, wakapelekwa Kigali na kupandishwa ndege kwenda kwao. Walikuwa na nchi iliyosema hawa ni raia wetu, tupeni. Na Haiti 2021, rais alipouawa Julai 7, walikamatwa askari wastaafu wa Kolombia. Familia zao nyingi zilisema waume zetu waliajiriwa kwa kazi ya ulinzi. Neno lilelile, ulinzi. Ukisikia mstaafu anaambiwa ulinzi na hakuna mkataba unaotaja analinda nini, wapi na kwa muda gani, hapo pana kitu.

Kijiti

Wakuu naomba radhi kwa nilichoandika juu. Sikujua. Swali la kweli sasa: kisheria mtu kama huyu anahesabiwa nini akikamatwa?

Mstaafu wa Tabora

Umesamehewa kijana, kuuliza si kosa.

Kuna itifaki ya 1977 iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva. Ibara ya 47 inasema mamluki hana haki ya kuhesabiwa mpiganaji wala mfungwa wa vita. Tafsiri yake ya mamluki ni nyembamba, ina masharti mengi ambayo yote lazima yatimie, awe ameajiriwa kwa ajili ya vita ile, anasukumwa na faida, si raia wa upande wowote, na kadhalika. Kwa hiyo mawakili wanaweza kubishana. Umoja wa Nchi Huru za Afrika nao ulipitisha mkataba wake dhidi ya umamluki mwaka huohuo wa 1977, Libreville, kwa sababu bara hili lilikuwa limeumizwa sana na watu wa aina hiyo.

Ila uelewe porini hakuna wakili. Mimi nikiwa askari wa Tanzania nikakamatwa, naandikishwa, Msalaba Mwekundu wanaweza kuja kuniona, nabadilishwa siku moja. Huyu mzee akikamatwa, aliyemkamata hana wa kumuuliza na aliyemtuma anasema simjui.

Mwana Mwandiga

Mtoto wa Gungu, pole. Jirani yetu Mwandiga alipotelewa na mdogo wake wakati wa vita ya Burundi, akampata baada ya miaka kumi na kitu kupitia Msalaba Mwekundu. Wana kazi ya kutafuta ndugu waliopoteana, makambini kama Nyarugusu wanajulikana sana kwa hilo, lakini siyo wakimbizi peke yao wanaosaidiwa. Mmejaribu?

Mtoto wa Gungu

Mwana Mwandiga, hapana. Mama mdogo alikuwa hataki. Alikuwa anaogopa kwamba tukianza kuuliza kwa maandishi, tutakuwa tunamshtaki mumewe. Kwamba atarudi siku moja akute amefunguliwa jalada.

Nitamsomea maneno yako na ya Mzee wa Tabora. Nipeni siku chache.

Mstaafu wa Tabora

Mwambie hivi kutoka kwangu: kumtafuta mtu si kumshtaki. Anayetafutwa ni baba wa watoto watano. Alichokifanya ng'ambo ni swali jingine na lina siku yake.

Mtoto wa Gungu

Wakuu, nimepata nafasi ya kufika nyumbani. Nilipanda treni, saa nyingi lakini nilitaka kufika nikiwa nimetulia. Nilimkuta barazani. Nikamsomea uzi wote, hata yale ya Kijiti, hata yale ya Bendera. Pale kwenye daftari alinisimamisha, akaniambia nirudie.

Alikaa kimya mpaka adhana ya magharibi. Halafu akauliza kama huko Tabora nina namba ya yule mzee. Nikamwambia kwenye mtandao hatupeani namba hivyo. Akasema, "Mwambie mke wake alikuwa na akili kuliko mimi. Mimi nilimfungia karanga." Nikamkatalia, mama, wewe ulimwambia unamjua. Akatikisa kichwa tu.

Leo asubuhi tumekwenda Msalaba Mwekundu. Tumepokelewa na dada mmoja mpole sana, akatuletea viti, akaanza kujaza fomu pole pole. Jina kamili. Jina la baba yake. Mama yake. Mwaka na mahali alipozaliwa, mama mdogo akasema Kalinzi kwa sauti ya chini. Kazi. Hapo alinitazama, kisha akasema, "Mvuvi. Na kabla ya hapo askari." Mara ya mwisho kuonekana, mwaka 2011, Kigoma. Alama mwilini: kovu refu kwenye goti la kushoto, kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hakikunjiki. Nilikuwa sijui habari ya kidole. Dada akafika kwenye mstari mwingine akauliza, "Kuna jina jingine ambalo anaweza kuwa anajulikana nalo huko?"

Nikafungua mdomo nijibu, mama mdogo akaniwekea mkono kwenye goti. Akaivuta bahasha yake ya kaki, akaikunja vizuri mapajani.

"Karanga," akasema. "Andika kwa herufi kubwa, waone."